Nilitumwa Kulima Bustani ya Mji

Bosi aliponiita ofisini kwake Jumatatu ile, nilidhani ni makosa ya taipu. Ijumaa iliyotangulia nilikuwa nimepiga barua kadhaa kwa haraka, mawazo yakiwa nyumbani, na nilijua kuna mahali nimeruka mstari. Lakini barua hazikuwa mezani. Alifunga mlango, akaketi, akaniuliza kama ni kweli ninajua Kiganda.

"Ninakisikia, bwana. Nyanya mzaa mama alitoka ng'ambo, Uganda."

"Kusikia kunatosha," akasema.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, Busia, upande wetu wa Kenya. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, naishi kwa shangazi, na nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Sikuwa nimeandikwa kazi. Nilikuwa kibarua kwa mwaka wa pili, kila mwisho wa mwezi nikiambiwa nije tena mwezi ujao.

"Unajua wale wamama wanaolima kwa bustani ya mji?" bosi akauliza.

Nani hakuwajua? Bustani ile ilikuwa kati ya kituo cha afya na barabara ya kwenda mpakani. Ilikuwa imetengenezwa zamani ili watu wapumzike: majani, maua, viti vya saruji, na ua wa miti ya kayaba yenye miiba mirefu kama sindano. Sehemu ya juu bado ilikuwa na majani yaliyokatwa vizuri. Sehemu ya chini ilikuwa imegeuka kichaka, mahali pa walevi kukojoa. Mkunga wa kituo cha afya ndiye aliyeiomba. Alikuwa amechoka kuwapa unga wa maziwa watoto wenye kwashakoo, wapone, warudi nyumbani, na baada ya miezi miwili waletwe tena na miguu iliyovimba na nywele za rangi ya kutu. Akasema hawa mama zao wanahitaji mboga, na wengine wanahitaji zaidi kutoka nje ya nyumba zao. Akaruhusiwa kwa mdomo tu. Wakafyeka kichaka, wakapiga matuta.

"Kuna mwanamke mmoja pale, wa kutoka ng'ambo," bosi akaendelea. "Hakuna anayejua ametoka wapi hasa. Na miaka hii unajua mambo yalivyo. Jiunge nao. Sikiliza. Kila Ijumaa uniletee ukurasa mmoja, uandike kwa mkono, usitie jina."

"Nitawaambia ninataka nini pale, bwana?"

"Sema wewe mgonjwa. Si wanasema hiyo kilimo inatibu watu?" Akacheka peke yake. Halafu akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Na hii maneno ya kukuandika kazi, tutaiangalia kabla ya Krismasi."

Nataka kusema ukweli hapa, kwa sababu kwa miaka mingi niliusema vibaya. Sikulazimishwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimshuku yule mwanamke hata kabla sijamwona. Mji wetu wote ulikuwa hivyo. Ukinunua mikate miwili, mwenye duka alikuuliza wa pili ni wa nani. Wanawake hatukuwa na vitambulisho wakati ule, kwa hiyo mwanamke angeweza kusema ametoka Samia au Tororo na hakuna karatasi ya kumkanusha. Mtu akinyamaza, anaficha. Akiongea sana, ametumwa. Nilitoka ofisini kwa bosi nikijiona nimepewa kazi ya maana.

Kesho yake saa kumi jioni nilienda bustanini. Mkunga alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye saa iliyobandikwa kifuani kwa pini. Nusu ya watoto wa mji ule walipita mikononi mwake. Nilimwambia silali, moyo unaenda mbio. Akanishika kifundo cha mkono, akaiangalia saa yake kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka.

"Moyo wako unatembea kama mtu anayetoka kanisani," akasema. "Lakini chukua jembe."

Walikuwa kama watu kumi. Wengi ni akina mama ambao watoto wao walikuwa wakipimwa kila Jumamosi kwa mizani ya kuning'inia iliyofungwa kwenye tawi la mgrevilea. Kulikuwa na mzee mmoja tu, aliyewahi kuwa mpishi wa reli Malaba. Yeye alikuwa na presha, na alilima vitunguu kana kwamba bado analisha abiria. Kulikuwa na mjane mmoja ambaye, waliniambia, baada ya mazishi ya mumewe hakusema neno kwa miezi mitatu. Mkunga alimleta akamkalisha tu pembeni ya matuta. Siku moja kuku wa jirani wakaingia kwenye mchicha, na mjane akafungua mdomo akawatukana kuku wale matusi ambayo hakuna aliyejua anayajua. Tangu siku hiyo akawa mlinzi wa kuku. Mavuno ya kwanza yalienda kwenye chungu cha watoto nyuma ya kituo cha afya. Yaliyobaki tuligawana.

Na kulikuwa na mgeni. Alikuwa mrefu, kitambaa amekifunga chini mpaka karibu na nyusi. Viganja vyake havikuwa vya jembe, niliona hilo mara moja, ingawa alijifunza haraka. Tuta lake lilikuwa kona ya mwisho, kando ya ua wa kayaba, mahali penye mawe. Mzee wa vitunguu aliniambia kwamba alipokuja alionyeshwa tuta zuri karibu na bomba la maji, akalikataa, akaichagua kona ile mwenyewe.

Nikaenda pale kama anayetafuta kamba. Nikaona. Kutoka kona ile, kupitia pengo kwenye ua, unaiona barabara yote ambapo malori hupunguza mwendo kabla ya kufika mpakani, au yanapotoka huko kuingia kwetu. Na nikaona jambo la pili: kila lori lilipopita, mgeni alisimamisha jembe, akatazama mpaka lipotee, kisha akaendelea kulima.

Ijumaa ile ukurasa wangu ulijaa. Nikaandika kwamba anahesabu malori. Sikuwa nimemsikia akihesabu, lakini mtu anayetazama kila lori angefanya nini kingine?

Wiki zikaenda hivyo. Niliandika kwamba hakuna anayejua analala kwa nani. Niliandika kwamba mkunga alipomuuliza alikuwa akifanya kazi gani kwao, alijibu, "Kazi nyingi," akageuza maneno. Niliandika kwamba anajua kusoma, kwa kuwa nilimwona akisoma kipande cha gazeti lililofungiwa sabuni. Bosi alizisoma kurasa hizo mbele yangu, akazikunja, akazitia mfukoni. Hakuwahi kusema nzuri wala mbaya.

Siku moja nilimwona mwendesha baiskeli, mmoja wa wale waliokuwa wakivusha watu mpakani, mtu mzima mwenye ndevu, akisimama nje ya ua. Alipitisha mkono katikati ya miiba akampa mgeni kifurushi cha gazeti. Mgeni alikitia kwenye kikapu bila kukifungua. Kesho yake nikaona tuta lake limetifuliwa upya na kusawazishwa vizuri sana.

Sikungoja Ijumaa. Saa ya chakula cha mchana, wakati bustani haina mtu, niliingia nikachukua jembe, nikalichimba lile tuta kutoka mwanzo. Sijui nilitarajia nini. Barua, labda. Bunduki, kichwa changu kiliniambia, ingawa kifurushi kilikuwa kidogo kuliko mkate. Nilipata samadi ya mbuzi. Nilipata vichwa vya samaki, ambavyo sote tulizika kwa ajili ya rutuba. Nilikuwa nimepiga magoti, mikono mpaka viwiko ndani ya udongo, niliposikia sauti nyuma yangu.

"Unatafuta nini, nnyabo?"

Ni yule mgeni, akiniita bibi kwa Kiganda. Nikasema ninatafuta minyoo ya kuvulia samaki.

"Minyoo," akasema. "Na umeipata?"

"Bado."

Akachutama karibu nami. Akachukua udongo kidogo, akausugua katikati ya vidole, akanionyesha vitu vidogo kama vumbi la mchanga. "Hizi ni mbegu za nakati. Mboga ya kwetu. Zimevuka ndani ya gazeti, zimepita askari wa kule na wa huku, hakuna aliyeziuliza kitu. Zimefika hapa zimekutana na wewe."

Nikaanza kurudisha udongo kwenye shimo.

"Ijumaa ndiyo siku yako, sivyo?" akauliza. "Siku zote unawahi kuja. Ijumaa unachelewa, na ukija hunitazami."

Nilitaka kukana. Alinyanyua mkono kunizuia, bila hasira. "Kama unaandika, andika vizuri. Andika nilipanda nakati mistari mitatu, na miwili umeivuruga wewe. Andika nina miaka thelathini na moja. Andika ninakunywa chai bila sukari, kwa sababu sukari sina."

Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nikamwuliza, "Na wakiniuliza kwa nini unasimama lori likipita?"

Akakunja uso. "Hiyo usiandike," akasema. "Hiyo ni yangu."

Nikangoja atangaze. Jioni ile nilikuja bustanini nikiwa tayari kufukuzwa. Hakumwambia mtu yeyote. Alisawazisha tuta, akapanda upya mbegu zilizobaki, akanisalimia kama jana. Na badala ya kushukuru, nilizidi kumshuku. Mtu akikushika na asikuseme, anakutega. Anakuweka akiba. Nilijiuliza atanidai nini, na lini. Sikumwandikia bosi kwamba nimeshikwa. Niliandika kwamba amepanda mboga ya ng'ambo, mistari mitatu.

Nakati zilipokomaa alinifungia fungu kwa ukambaa wa mgomba, akaniambia nichemshe kidogo tu, niweke chumvi na nyanya. Nikapeleka nyumbani. Shangazi aliuliza zimetoka kwa nani, nikamwambia. Akachukua majani mawili, akayakatakata, akampa kuku kwanza. Tukakaa tukimtazama kuku. Alipoendelea kutembea tukapika.

Katika wiki zile jambo jingine lilinitokea, na sikulitaka. Nilianza kuipenda kazi yenyewe. Nilikuwa na tuta langu, nimepanda kunde na mrenda. Jumamosi mkunga alinipa kazi ya kushika kamba ya mizani. Kulikuwa na mtoto mmoja wa kike, wa miaka kama miwili, aliyeletwa mara ya kwanza akiwa hana hata nguvu ya kulia. Siku aliyocheka ndani ya ule mfuko wa mizani, miguu ikiruka, mama yake alikaa chini palepale kwenye majani akafunika uso na kanga. Mimi niliyesema silali nilikuwa nikilala kama gogo, mgongo ukiniuma vizuri. Nilianza kufikiri kwamba mwaka ukiisha na kazi nikiandikwa, nitaacha zile kurasa lakini sitaacha tuta.

Basi ikaja ile Jumatano. Ilikuwa msimu wa mvua za mwisho wa mwaka, barabara imejaa madimbwi. Sote tulikuwa tunapalilia. Lori lilitokea upande wa mpakani, turubai ya kijani, milango imepakwa rangi ya buluu. Mgeni akasimama kama kawaida. Halafu akaliangusha jembe.

Hakwenda langoni. Alipita katikati ya ua wa kayaba, kwenye pengo ambalo mbuzi asingelipita bila kuumia. Kitambaa kilinaswa kikabaki kwenye miiba. Akakimbia barabarani kichwa wazi, akipiga kelele, "Yimirira! Yimirira!" Yaani simama. Aliita na jina la mwanamume. Lori likapunguza mwendo kwa sababu ya dimbwi, dereva akatoa kichwa. Wakatazamana. Mgeni akauliza kitu, dereva akajibu kwa ufupi, akatikisa kichwa, akatia gia. Lori likaondoka likimrushia maji machafu mpaka magotini.

Alirudi kwa lango safari hii, mikono imechanika, damu inatiririka mpaka kwenye vidole. Mkunga alimkimbilia.

"Ni nani yule?"

"Nimemfananisha," akasema. Akachukua jembe lake, akamaliza mstari aliokuwa ameuanza. Tulimwacha.

Ijumaa nilikaa mbele ya karatasi kwa muda mrefu. Nilikumbuka alivyoniambia: hiyo ni yangu. Lakini bosi alikuwa ameniambia wiki hiyo hiyo kwamba orodha ya watakaoandikwa kazi iko mezani kwake. Na bado, ndani yangu, kulikuwa na lile jicho. Kwa nini mtu akimbilie lori la kutoka ng'ambo? Nikaandika: Jumatano, saa kumi na moja jioni, alikimbilia lori lililotoka mpakani, akazungumza na dereva kwa Kiganda, kisha lori likaondoka. Kila neno lilikuwa kweli. Sikuandika kuhusu damu, wala kuhusu "nimemfananisha."

Bosi aliusoma ukurasa ule mara mbili. Kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Sasa umefanya kazi," akasema.

Jumanne iliyofuata aliniletea rasimu ya barua niipige taipu, pamoja na nakala tatu za kaboni. Nilipiga aya ya kwanza bila kuisoma, kama wapiga taipu wanavyofanya, vidole vikienda vyenyewe. Katika aya ya pili vidole vikasimama. Nilikutana na maneno yangu. Barua ilisema kwamba bustani ya mji imekuwa mahali pa wageni wasiojulikana kukutana na madereva wa kutoka ng'ambo, na kwamba kuna shahidi. Ikapendekeza kilimo kipigwe marufuku mara moja, na sehemu yote ya chini ipewe mfanyabiashara mmoja ajenge kituo cha petroli. Mfanyabiashara mwenyewe nilimjua. Alikuwa ndugu wa mke wa bosi. Alikuwa akija ofisini kila wiki kunywa chai.

Nilikaa pale, mashine mbele yangu, nikaanza kurudi nyuma siku moja moja. Bosi hakuwahi kuuliza mwanamke yule anaitwa nani. Hakuwahi kuuliza malori mangapi. Alikuwa akingoja tu nimletee kitu cha kutia kwenye aya ya pili. Nilikuwa nimemshuku kila mtu katika mji ule isipokuwa mtu aliyefunga mlango.

Niliimaliza barua. Hilo pia ni kweli, niliipiga mpaka mwisho, na sikukosea hata herufi. Nilimpelekea bosi ile ya juu na nakala mbili, nikasema nakala ya tatu imeharibika. Ile ya tatu niliikunja nikaitia ndani ya blauzi. Jioni nikaenda kwa mkunga.

Aliisoma akiwa amesimama karibu na dirisha. Alipofika katikati akaniangalia.

"Haya maneno ya lori ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Ulipigwa?"

"Hapana."

"Ulilipwa?"

"Niliahidiwa kazi."

Akaikunja barua taratibu. "Siku ya kwanza nilijua wewe si mgonjwa," akasema. "Nikajiambia, hata kama ametumwa, akishika udongo ataacha. Mimi ndiye niliyekosea hapo." Kisha akasema nitakuja Jumamosi niwaambie wengine kwa mdomo wangu, yeye hatanisaidia.

Jumamosi niliwaambia. Nilisimama karibu na mizani nikasema yote: bosi, Ijumaa, kurasa, mbegu nilizochimbua, lori. Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Mzee wa vitunguu alisema tu, "Na mimi nilikupa mbegu zangu." Mjane alitema mate chini, karibu na mguu wangu lakini si juu yake. Mgeni alikuwa amesimama nyuma, amefunga kitambaa kipya. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaenda bombani, akaosha jembe, akaliegemeza ukutani pamoja na mengine, akatoka langoni. Hatukumwona tena bustanini.

Jumatatu mkunga aliwachukua mama wote na watoto wao mpaka ofisi ya D.O., mkuu wa tarafa. Alibeba mizani. Mimi sikualikwa, lakini nilifuata kwa mbali. Aliining'iniza kwenye nguzo ya baraza, akaanza kuwapima watoto palepale, akisoma kwa sauti uzito wa leo na uzito wa siku walipoanza. Karani mmoja alitoka kuwafukuza, akarudi ndani. Mwishowe D.O. mwenyewe akatoka. Alisikiliza, akaichukua ile nakala, akauliza imepatikana vipi. Mkunga akasema, "Imeletwa na aliyeiandika." D.O. hakuuliza zaidi.

Mambo yaliisha nusu nusu. Kipande cha kando ya barabara, pamoja na ile kona, kilichukuliwa, na kituo cha petroli kikajengwa. Kipande cha karibu na bomba kilibaki kwa wakulima, na safari hii walipewa karatasi yenye muhuri. Bosi hakupatikana na kosa. Baada ya miezi michache alihamishiwa wilaya nyingine, kwenye cheo kikubwa zaidi. Mimi mwisho wa mwezi niliambiwa nisije tena.

Hawakuninyang'anya tuta. Mkunga alisema bustani ni ya umma, na mimi ni umma. Lakini nikifika mazungumzo yalikwisha. Kamba ya mizani alipewa mwingine. Wakiweka vikapu vyao chini waliviweka upande ule mwingine. Sasa niliyokuwa nimeyasema siku ya kwanza kwa uongo yakawa kweli: silali, na moyo unaenda mbio. Nililima hivyo hivyo. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda saa kumi jioni.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata mzee wa vitunguu alinijia wakati wengine wameenda. Akaniambia, akitazama pembeni, kwamba mgeni yuko Malaba, ana kibanda karibu na uwanja wa malori. "Sikukuambia mimi," akaongeza.

Nilienda Jumamosi. Malaba ilikuwa matope na moshi wa dizeli, malori yamejipanga mpaka kwenye reli. Nilimkuta katika kibanda cha mabati chenye mlango wa nusu, akiwapikia madereva chapati. Aliponiona hakufungua ile nusu ya chini.

"Umetumwa?"

"Hapana. Nimefukuzwa kazi."

"Waliotumwa pia husema hivyo."

Hata hivyo alinimiminia chai, akaiweka juu ya mlango. Nikainywa nimesimama nje. Madereva wawili waliokuwa wakila waliondoka. Akageuza chapati, akaanza kusema bila mimi kumwuliza.

"Lile lori lilikuwa la kaka yangu. Ile rangi ya buluu nilipaka mimi, milango yote miwili. Kwetu nilikuwa mwalimu, na kulikuwa na watu wametoweka shuleni. Kaka akaniambia nivuke kwanza, yeye atakuja na lori baada ya wiki mbili, nikae mahali ninaiona barabara. Nilikaa miezi saba. Lori likaja. Aliyekuwa akiendesha simjui. Nikamwuliza mwenye lori yuko wapi. Akasema lori ni lake."

Nikamwambia kwamba nimekuja kuomba msamaha.

"Ulichoandika kilikuwa uongo?"

"Kilikuwa kweli. Lakini sikuandika..."

"Kilikuwa kweli," akanikatiza. "Ndiyo maana hakuna mtu wa kumshtaki." Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayeeleza bei ya chapati. Kisha akaniuliza kama nakati za bustanini zimetoa mbegu. Nikamwambia kona ile imechimbwa kwa msingi wa kituo cha petroli. Akatikisa kichwa. Dereva mwingine akaja, akamhudumia, na mimi nikaelewa kwamba nimeambiwa kwaheri.

Nilirudi baada ya mwezi. Nilikuwa nimemletea kilo mbili za sukari. Ndani ya kibanda kulikuwa na mwanamke mwingine, mnene, mwenye kikaangio kilekile. Nilimwuliza aliyekuwa hapa. Akasema hapa amekuwa yeye tu. Nikalitaja jina tulilokuwa tukimwita bustanini.

"Huyo simjui. Wewe ni nani wake?"

Nikasema tulilima pamoja. Aliniangalia kuanzia kichwani mpaka viatuni, akaniangalia na ule mfuko wa sukari, akasema tena, polepole, kwamba hamjui. Sikumlaumu. Nilimwachia sukari juu ya mlango. Nilipogeuka nikiwa nimefika relini, bado ilikuwa pale, hajaigusa.

Sikumpata tena wala sikusikia habari zake. Niliendelea na tuta langu kwa miaka mitatu. Watoto walikuja na uzito mdogo, wakaondoka na mkubwa, na taratibu mama wapya ambao hawakujua habari yangu walianza kunisalimia, mpaka mtu awavute pembeni. Mkunga alinipa tena kamba ya mizani mwaka wa tatu, siku ambayo hakukuwa na mwingine wa kuishika, na hakuichukua tena. Usingizi ulirudi mwenyewe, si wote.

Nilipoolewa huko Matayos, nje ya mji, ilibidi niliache tuta. Lilikuwa zuri wakati ule, udongo mweusi, kunde zimefika kiunoni. Nikamwendea mjane nikamwambia achukue yeye, kwa kuwa lake lilikuwa dogo. Aliweka jembe chini, akalizunguka tuta lote, akapiga udongo na kisigino.

"Lina ubaya gani?" akauliza.

"Halina ubaya."

Akanitazama kidogo. Kisha akamwita mzee wa vitunguu aje asimame pale, ili anisikie nikisema hivyo mara ya pili.